Harusi za Mfungo Mosi Zinapokutana na Masika



Hapa kwetu Unguja na Pemba, Mfungo Mosi ni mwezi wa kuozesha. Sisi mafundi cherehani tunajua mapema kuliko waalikwa, maana vitambaa vya sare huanza kuletwa tangu Rajabu. Lakini mwezi mwandamo unatembea, mvua haitembei. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Mosi huzunguka misimu yote kisha hurudi pale pale baada ya miaka kama 33. Idd el Fitri ya 1991 iliangukia katikati ya Aprili. Ya 2024 ilikuwa Aprili 10, na ya 2025 Machi 31. Maana yake tunaoza masika, kama walivyooza mama zetu miaka ile ya mwanzo wa tisini.

Masika ina neema zake, lakini visiwa vyetu vina historia ndefu na ugonjwa unaopenda maji machafu, yaani kipindupindu.

Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 1886 jinsi kipindupindu kilivyomchukua mama yake mwaka 1859. Mama huyo aliishi katika nyumba ya kifalme, ana watumishi na kila kitu. Hakukosa chochote ila kitu kimoja ambacho mji mzima haukuwa nacho, maji ya uhakika. Watu walichota visimani, na visima vilikuwa karibu na vyoo na makaburi.

Miaka kumi baadaye maradhi yalirudi. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa Unguja, alifuatilia njia yake na kueleza kwamba yalishuka kutoka bara hadi Pangani, yakavuka bahari na kuingia mjini Novemba 1869. Ukipiga hesabu, Ramadhani ya mwaka 1286 ilianza siku chache tu baadaye. Basi fikirieni dada zangu, mfungo ule na Idd ile vilipita watu wakizika. Walikufa maelfu, na wakati huo hapakuwa na makubaliano juu ya kinachosababisha maradhi hayo. Wengi walilaumu hewa mbaya.

Seyyid Barghash, ndugu yake Salme kwa baba, alishika utawala Oktoba 1870, mwaka ule ule wa msiba. Tunamkumbuka kwa Beit el Ajaib ya 1883 na kwa Hamamni, lakini kwa mwanamke wa mjini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa mabomba. Alivuta maji ya chemchemi kutoka kaskazini ya mji yakaingia Mji Mkongwe. Mwanamke aliyekuwa akibeba mtungi kisimani akaanza kukinga mferejini.

Hata hivyo maji ya bomba hayakumfikia kila mtu kwa pamoja, na mji ulizidi kukua. Kipindupindu kimerudi mara nyingi tangu 1978. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa. Na wengi wetu tunakumbuka Aprili 2016, katikati ya masika, skuli zilipofungwa kwa muda na uuzaji wa vyakula barabarani ukazuiwa.

Kwa nini nawaambia haya kwenye mambo ya harusi? Kwa sababu shughuli inakusanya mtaa mzima kwenye sufuria moja na diaba moja la sharbati. Wazee wapo, wajawazito wapo, watoto wapo. Sharbati ikichanganywa na maji yasiyochemshwa, madhara hayabaki kwa mtu mmoja.

Basi kwenye bajeti ya harusi, pamoja na mapambo na singo, wekeni fungu la maji:

Maji ya kunywa na ya sharbati yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafishia maji. Barafu nayo ni maji, ulizeni imegandishwa kwa maji gani.

Wekeni mtu wa kunawisha mikono kwa birika na sabuni, maji yanayomiminika. Beseni moja la kuchovya watu wote tuliache.

Wali na mchuzi vipakuliwe vya moto. Chakula kilichopikwa usiku kisiachwe wazi mpaka mchana. Kufunika vyombo ni mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), si jambo geni kwetu. Kachumbari na matunda vioshwe kwa maji salama.

Mtu akianza kuharisha maji maji mengi, msingoje shughuli iishe wala msione haya. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache kwa kukausha mwili. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na njiani anyweshwe maji ya ORS. Kama haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Barghash alileta maji mpaka mjini. Kutoka mferejini mpaka mdomoni mwa mgeni, njia hiyo iko mikononi mwetu sisi wanawake wa jikoni. Mwenye shughuli amteue mtu mmoja mwaminifu, kazi yake siku hiyo iwe maji tu.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na awape wageni wenu afya. Amin.