Ukubwa wa Ghala: Tafakuri juu ya Kununua Nafasi katika Kompyuta

Muuzaji wa kompyuta za mpakato siku hizi humwuliza mteja swali fupi: unataka ya 256, ya 512, au ya tera moja? Mteja huangalia bei, huiangalia mifuko yake, kisha hutaja mojawapo ya tarakimu hizo kana kwamba anachagua saizi ya viatu. Wengi wetu hatujui gigabaiti 256 ni sawa na nini. Tunajua tu kwamba kubwa ni ghali, na kwamba ndogo hujaa.

Swali hilo hata hivyo si la jana. Watu wamekuwa wakiulizana tangu kompyuta hazijawa kompyuta, na majibu waliyotoa yamewagharimu wao, yakawagharimu na wajukuu wao. Kwa hiyo naona inafaa tuwatazame kwanza wale waliotutangulia dukani, ndipo turudi kwenye pochi zetu.

Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa msaada wa mashine za Herman Hollerith. Habari za kila mtu zilitobolewa matundu katika kadi ya karatasi ngumu, na mashine ikayahesabu matundu hayo. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi yenye safu 80, na kadi hiyo ikatawala ofisi za dunia kwa miongo kadhaa. Safu moja ilibeba herufi moja. Basi jina la mtu, namba yake, mshahara wake na tarehe zake zote zilipaswa kubanwa ndani ya herufi 80, la sivyo ihitajike kadi ya pili. Na kadi ya pili maana yake karatasi maradufu, makabati maradufu, na makarani maradufu.

Mwezi Septemba mwaka 1956 IBM ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, iliyobuniwa San Jose, California, na kundi lililoongozwa na Reynold Johnson. Hiyo ndiyo iliyoleta diski ya sumaku katika biashara. Ghala lake lilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, yaani kubwa kuliko sinia la kulia watu wanne. Zilizunguka zote pamoja ndani ya kabati lenye uzito wa karibu tani moja. Mashine nzima ilikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Uwezo wa ghala lote hilo ulikuwa herufi milioni 5. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya mkononi ya leo inaweza kulijaza kabati hilo lote.

Ndugu msomaji, tusiwacheke. Kwa mwenye duka kubwa la mwaka 1956, herufi milioni 5 zilikuwa ni orodha ya bidhaa zake zote na madeni ya wateja wake wote, na aliweza kuifikia yoyote bila kupekua bunda la kadi. Kwa kazi aliyoijua, ghala lilimtosha. Kazi ambazo hazijazaliwa hakuwa na njia ya kuzipigia hesabu.

Nafasi ilipokuwa ghali kiasi hicho, watu walijifunza kubana. Namna moja ya kubana ndiyo iliyokuja kujulikana dunia nzima. Waandishi wa programu waliona kwamba mwaka hauna haja ya kuandikwa kwa tarakimu nne. Badala ya 1964 waliandika 64. Ukiwa na kadi ya safu 80, kuokoa safu mbili katika kila tarehe si jambo dogo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara siku ulipofanywa. Tatizo ni kwamba programu zile zilidumu kuliko walivyotarajia waliozitunga, na mazoea ya kubana yakadumu hata pale nafasi ilipokuwa rahisi. Karne ilipokaribia kwisha, ikagundulika kwamba mashine nyingi zingeusoma mwaka 2000 kuwa ni 1900. Serikali, mabenki na mashirika ya ndege yakatumia mabilioni ya dola kurekebisha programu kabla ya usiku wa tarehe 31 Desemba 1999. Hatari ikapita kwa madhara machache, na baadhi ya watu wakasema kumbe hapakuwa na hatari. Lakini waliokesha wakirekebisha walijua walicholipia: tarakimu mbili ambazo baba zao waliziokoa.

Kwetu Tanzania hadithi ilikwenda kwa mwendo wake. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu, na masharti hayo hayakuondoka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hivyo, wakati wenzetu ng'ambo walipokuwa wakibishana kama diski ya megabaiti 10 inatosha, ghala letu lilikuwa ni faili, na faili lilifungwa kwa uzi, na uzi ulining'inia kwenye rafu ya masijala. Ukubwa wa kumbukumbu zetu ulipimwa kwa futi za mbao.

Katika kipindi kilekile ghala la sumaku lilikuwa likinywea kwa umbo na kuvimba kwa uwezo. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya megabaiti 5 iliyoweza kubebwa kwa mkono mmoja. Bei yake dola 1,500. Kazi ya lile kabati la tani moja ikawa imeingia katika kasha, na ilichukua miaka 24 tu. Mwaka 1983 IBM ilianza kuuza kompyuta ya mezani yenye diski ya megabaiti 10 ndani yake. Kompyuta ya mpakato ya Toshiba ya mwaka 1985, iliyoitwa T1100, haikuwa na diski ya ndani hata kidogo. Mwenye nayo alitembea na visahani vyake vya plastiki mfukoni. Mwaka 1988 ikaja diski ya inchi mbili na nusu, megabaiti 20, iliyoenea ndani ya mashine ya kubeba. Mwaka huohuo Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua tabia ya tabaka nyembamba za metali ambayo baadaye iliwezesha vichwa vya diski kusoma alama ndogo mno za sumaku. Waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Mwaka huo wa 2007 ndipo diski ya kwanza ya terabaiti moja ilipoingia sokoni.

Kando ya sumaku kulikuwa na Mjapani mmoja, Fujio Masuoka wa Toshiba, ambaye katika miaka ya 1980 alibuni kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme unapokatika, ile tuiitayo flashi. Haina sahani wala kichwa, wala haina kinachozunguka. Ilianza kwa bei ya kutisha. Hata mwaka 2008, mtu aliyetaka MacBook Air yenye gigabaiti 64 za chipu badala ya gigabaiti 80 za diski aliongeza karibu dola 1,000. Leo gigabaiti 64 hutolewa katika kijiti cha kuning'iniza kwenye funguo.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ukurasa mmoja uliopigwa taipu una herufi kama 2,000. Ghala la RAMAC lingechukua kurasa 2,500 hivi. Kompyuta ya gigabaiti 512 ingechukua kurasa milioni 256. Hakuna mwandishi aliyezaliwa wala atakayezaliwa mwenye kuandika kiasi hicho. Hapa ndipo penye siri ya magala haya. Nafasi ilipoongezeka watu hawakuendelea kuhifadhi vitu vilevile kwa raha zaidi. Walianza kuhifadhi vitu vya aina nyingine. Kwanza ilikuwa hesabu, ikaja barua, ikaja picha, ikaja sauti, ikaja sinema. Ndiyo maana kila ghala lililoitwa kubwa lilijaa.

Na likijaa, yuko anayepaswa kuchagua kitakachotoka. Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Mwezi Julai mwaka 1969 binadamu walipotua mwezini, ishara zilizotoka huko zilinaswa kwenye kanda kubwa za sumaku, na ndani yake mlikuwa na picha safi kuliko zile zilizorushwa kwenye televisheni. Miaka mingi baadaye watu walizitafuta kanda hizo. Mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba yaelekea zilifutwa na kurekodiwa upya, maana kulikuwa na uhaba wa kanda. Picha za televisheni tunazo, na zimesafishwa. Zile za asili hatunazo. Aliyezifuta hakuwa adui. Alikuwa mfanyakazi mwenye kazi mpya mezani na kabati lisilo na kanda tupu.

Mfanyakazi wa namna hiyo nilimwona kwa macho yangu. Nilitumika miaka mingi katika masijala ya ofisi moja, na mnamo miaka ya 1990 tuliletewa kompyuta mbili na maboksi ya visahani. Likatoka agizo kwamba kumbukumbu zikishaingizwa kwenye kompyuta, majalada ya zamani yatolewe kupisha nafasi. Majalada yakatolewa. Baada ya miaka michache fungu la kununulia visahani likakatwa, na vile vya zamani vikafutwa ili viandikwe mambo mapya. Siku moja akaja mama mmoja mjane, amefunga kitenge kiunoni, anatafuta ushahidi kwamba marehemu mumewe alitumika pale miaka 19. Rafuni hapakuwa na kitu, kisahanini hapakuwa na kitu. Yule mama alikuja mara nne. Mara ya tano hakuja, na sikupata kusikia kama alilipwa. Kisahani kimoja cha wakati ule kiliweza kubeba herufi zaidi ya milioni moja. Habari za mumewe zingetosha katika herufi mia chache.

Tangu hapo sikuweza tena kuiona nafasi kama bidhaa ya kawaida. Mtu anaponunua nafasi, anachonunua kwa hakika ni muda: muda wa kukaa bila kulazimishwa kuchagua nini kitoke. Nafasi ikiwa finyu, uchaguzi hufanywa kwa haraka, hufanywa na mtu aliyechoka, na mara nyingi hufanywa na asiyejua thamani ya anachokifuta. Nafasi ikiwa pana, uchaguzi huahirishwa. Lakini kuahirisha si kuchagua. Aliyeahirisha miaka kumi anakuwa na picha elfu ishirini ambazo hakuna mtoto wake atakayekuwa na subira ya kuzifungua, na ile moja ya babu imezama katikati yake.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua kompyuta yangu mpya sikuanza na bei. Nilianza na karatasi iliyogawanywa sehemu mbili: vitu vinavyoweza kupatikana tena, na vitu visivyopatikana tena. Upande wa kwanza niliandika muziki, filamu, programu na vitabu. Upande wa pili niliandika kanda 38 za kaseti, za dakika 60 kila moja, ambamo marehemu baba yangu anaeleza habari za ukoo wetu, mashamba yetu na majina ya mito iliyokwisha kukauka. Saa moja ya sauti ikihifadhiwa bila kubanwa, kwa kiwango cha sidii, huchukua megabaiti 635. Kanda zote ni gigabaiti 24 na ushei. Zikibanwa zingeingia katika gigabaiti mbili au tatu, lakini baba alikuwa na kikohozi, na alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kutaja jina la mtu aliyefariki. Sikutaka mashine iniamulie kipi katika hivyo ni sauti na kipi ni kelele. Nikaongeza picha, barua na maandishi yangu. Vyote havikufika gigabaiti 90.

Nikajumlisha mfumo wa kuendeshea mashine. Windows 11 peke yake hutaka ghala lisilopungua gigabaiti 64. Nikakumbuka pia kwamba mtengenezaji huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024, ndiyo maana kompyuta ya 256 huonyesha 238 ukiiwasha. Hakuna aliyeibiwa, ni vipimo viwili tofauti. Na nikauliza jambo ambalo wengi hawaulizi: je, chipu ya hifadhi inaweza kubadilishwa, au imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu? Ikiwa imeunganishwa, basi ukubwa unaouchagua dukani ndio utakaokuwa nao hadi mashine ife.

Ile ya 256 ingenitosha kwa leo na kunibana kesho kutwa. Ile ya tera moja ingenipa kiburi cha kutochagua kamwe. Nilichukua ya 512, na tofauti ya bei nikanunulia diski mbili za nje, moja ikae kwangu na moja kwa dada yangu Morogoro. Maana ghala kubwa lililo moja tu likiungua limeungua lote, na mwizi habebi nusu ya kompyuta.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakisema juu ya nafaka na fedha, na juu ya nafaka wenyewe walijua kwamba akiba isiyogeuzwageuzwa huliwa na dumuzi. Kwa akiba ya maneno na sauti naona kanuni ni ileile. Wabunifu wa San Jose, mwandishi wa programu aliyeokoa tarakimu mbili, na karani aliyefuta kisahani, wote walipewa ghala la kiasi fulani na wakaamua la kuweka. Ukubwa wa ghala tutapewa na soko na mifuko yetu. La kuweka hakuna muuzaji wa kutuambia.