Miaka 20 ya kazi, pensheni sifuri: hifadhi ya jamii inavyokwama mpakani



Juzi nilikwenda Tanga kumjulia hali mjomba wangu. Hata chai haijamiminwa, mzee kanitolea bahasha ya kaki. Ndani kuna kadi mbili za uanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, moja ya Kenya na nyingine ya Tanzania. Mzee ni fundi wa magari makubwa. Alifanya kazi Mombasa miaka 9, akarudi nyumbani, akapiga kazi Dar miaka 11. Sasa ana miaka 61 na mgongo umegoma.

"Mjomba, wewe si ndio unaandikaandika huko kwenye intaneti? Haya niambie. Miaka 20 nimekatwa mshahara. Mbona naambiwa pensheni ya kila mwezi sina?"

Nilinywa chai kimya maana jibu sikuwa nalo. Nimerudi, nimesoma, na nayaweka hapa kwa sababu najua wenye bahasha kama hiyo ni wengi.

Hesabu ya mjomba

Tanzania, ili upate pensheni ya uzee ya kila mwezi, unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Mjomba kachangia miezi 132. Hajafika, kwa hiyo analipwa kwa mkupuo na biashara inaishia hapo.

Na ile miezi 108 ya Kenya? Mfuko wa taifa wa kule ulianza mwaka 1965 kama mfuko wa akiba: unachangia, ukistaafu au ukiihama nchi moja kwa moja unapewa chako na faida kidogo. Sheria ya kuugeuza uwe wa pensheni ilipitishwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani, na makato mapya yakaanza Februari 2023. (Hata wetu wa Tanzania ulianza 1964 kama akiba, ukageuzwa kwa sheria ya 1997.) Mjomba alichukua akiba yake siku anarudi, akanunua kiwanja. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna nchi ambako miaka ile isingepotea.

Ukijumlisha 132 na 108 unapata 240. Angevuka 180 na chenji ikabaki. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejumlisha.

Wenzetu wanafanyaje?

Nchi zikitaka mfanyakazi asipoteze haki kwa kuvuka mpaka, husaini mkataba wa kuratibu mifuko yao. Mikataba hii ipo mingi duniani, lakini nguzo zake ni zilezile nne:

1. Usawa. Mgeni anayechangia anapata haki sawa na mwenyeji.

2. Sheria ya nchi moja kwa wakati mmoja. Hukatwi mara mbili, na hukosi kote.

3. Kujumlisha vipindi. Miezi uliyochangia nchi A inahesabiwa nchi B inapoangaliwa kama umetimiza masharti.

4. Fao kukufuata. Ukirudi kwenu, pensheni inakuja huko uliko.

Watu wengi wanadhani kujumlisha maana yake nchi moja inabeba mzigo wa nyingine. Siyo. Kila mfuko unalipa sehemu yake tu. Kwa mjomba, angehesabiwa kama mtu wa miaka 20, kisha mfuko wa Tanzania ungelipa sehemu 11 kati ya 20 (asilimia 55) na wa Kenya sehemu 9 (asilimia 45), kila mmoja kwa kanuni zake. Fedha hazihami kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kinachohama ni taarifa.

Ulaya walianza mchezo huu mwaka 1958, na kanuni wanayotumia leo ni ya 2004. Nchi za Karibiani mkataba wao ulianza kazi 1997. Nchi za Afrika Magharibi na Kati zinazotumia Kifaransa zilisaini wa kwao mwaka 2006. Kwa hiyo tusiambiwe ni mambo ya wazungu.

Na Afrika Mashariki?

Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi aliyevuka mpaka haki ya mafao ya hifadhi ya jamii. Safi kabisa. Ila utaratibu wa kuyapata uliachwa utungwe baadaye na Baraza la Mawaziri, na hapo ndipo gari lilipoingia kwenye tope kwa miaka mingi. Haki ikiwa kwenye karatasi bila fomu ya kuidai, mtu wa kawaida hanayo.

Na sisi hili tulishafunzwa. Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977, maelfu ya watumishi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na mafao yao hewani. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa 1984, kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa raia wake. Hapa Tanzania wazee walifika hadi Mahakama Kuu, na mapatano yakapatikana 2005. Hesabu mwenyewe: 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Wangapi walizikwa wakisubiri?

Wasio na kadi kabisa

Mjomba walau ana kadi mbili. Mama lishe wa pale stendi hana hata moja. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linasema mwaka 2023 asilimia 52.4 ya watu duniani walikuwa na angalau fao moja la hifadhi ya jamii. Ndiyo mara ya kwanza nusu kuvukwa. Waliobaki nje ni watu bilioni 3.8. Afrika waliomo ni kama asilimia 19 tu, yaani kati ya watu watano, mmoja hafiki sawasawa.

Mkataba wa msingi wa ILO, Namba 102 wa mwaka 1952, unataja matawi tisa: matibabu, ugonjwa, kukosa ajira, uzee, ajali za kazini, familia, uzazi, ulemavu na wategemezi wa marehemu. Uliandikwa ukimfikiria zaidi mtu mwenye mwajiri. Ndiyo maana mwaka 2012 likaja Pendekezo Namba 202 kuhusu sakafu ya hifadhi ya jamii: kila nchi imhakikishie kila mkazi matibabu ya msingi, kipato cha msingi kwa watoto, kwa watu wazima wasioweza kujipatia kipato cha kutosha, na kwa wazee.

Inawezekana? Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa. Huulizwi ulichangia wapi. Fedha zinatoka kwenye bajeti ya serikali yenyewe, na hilo ndilo linalonifurahisha. Ushirikiano wa kimataifa ni mzuri kwa utaalamu, takwimu, mikataba na hata fedha za kuanzia, lakini mzee hawezi kula ahadi ya mfadhili aliyebadilisha mawazo.

Kabla hujafunga begi

Kwa wanaokwenda au walioko nje, hasa Ghuba: Oman ilitoa sheria mpya ya hifadhi ya jamii mwaka 2023 inayowagusa pia wageni katika uzazi, ugonjwa na ajali za kazini. Ila usidhani kila aina ya mkataba imo. Uliza kabla ya kusaini.

- Tunza namba ya uanachama na hati zote za mishahara. Piga picha, jitumie kwa barua pepe.
- Omba taarifa ya michango kila mwaka. Mwajiri asiyepeleka makato hujulikana mapema au hajulikani kabisa.
- Usikimbilie kuchukua akiba kabla ya kuuliza kama kuna mkataba kati ya nchi hizo mbili.
- Ukiumia kazini ugenini, dai. Mkataba Namba 19 wa 1925 unataka raia wa nchi zilizouridhia walipwe fidia sawa na wenyeji. Kenya na Tanzania zote zimo.

Mjomba nilimpigia simu jana nikamsomea haya. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo kosa langu ni kuvuka Horohoro?" Waheshimiwa wa Arusha wamjibu, maana mimi nilishindwa.

Nani mwingine hapa amechangia nchi mbili? Ulilipwa, au nawe una bahasha? Maoni hapo chini.