Neno uhuru katika nyanda za kati

Neno "huru" lilifika nyanda za kati likiwa na maana finyu. Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, huru alikuwa mtu asiye mtumwa. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa mtumwa mmoja mmoja. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Mzee aliyesikia siasa za uhuru miaka ya 1950 huenda alikuwa ameshaona utumwa kwa macho yake.

Ulaya nako neno hilo lilikuwa na mipaka yake. Wanafalsafa wa karne ya 18 walifundisha kwamba kila mtu ana akili ya kupambanua mambo, na kwamba utawala halali hutokana na ridhaa ya watawaliwa. Mwaka 1776 makoloni ya Marekani yalijitangazia uhuru kwa hoja hizo. Mwaka huohuo Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya kisiwa kiitwacho leo Mauritius. Watumwa wa Haiti ndio walioyashika maneno ya Mapinduzi ya Ufaransa bila kuyapunguza: waliasi 1791, na kufikia 1804 walikuwa na taifa lao. John Stuart Mill, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza juu ya uhuru, alisema waziwazi katika kitabu chake cha 1859 kwamba kanuni zake hazikuwahusu watu aliowaona hawajakomaa. Haishangazi, kwani alikuwa mtumishi wa kampuni iliyotawala India.

Mawazo ya namna hiyo ndiyo yaliyotumika kuihalalisha serikali ya Waingereza Tanganyika. Ushirika wa Mataifa uliwakabidhi nchi kwa madai kwamba wenyeji hawakuwa bado na uwezo wa kujisimamia. Kwa hoja hiyo akili ikawa mtihani, na mtawala ndiye aliyesahihisha.

Dodoma ilikuwa mahali pazuri pa kuubishia mtihani huo. Reli ya Kati na barabara kuu ya kaskazini hukutana hapo, na mjini walikaa makarani waliohamishwa kutoka kila pembe ya nchi. Hassan Suleiman na Ali Ponda walikuwa miongoni mwa viongozi wa tawi la Chama cha Waafrika mjini humo, na mkutano mkuu wa chama wa 1945 ulifanyika Dodoma. Vita vilikuwa vimewapa Waafrika silaha ya maneno: Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walitangaza haki ya kila taifa kuchagua serikali yake. Churchill alijitetea baadaye bungeni kwamba walikusudia zaidi Ulaya iliyotekwa na Wanazi, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka kinywani.

Miaka miwili baada ya mkutano wa Dodoma, Kongwa, katika nchi ya Wagogo, iliupima uwezo wa mtawala mwenyewe. Mradi wa karanga ulioanza 1947 ulileta matrekta na wataalamu katika ardhi ngumu yenye mvua isiyotabirika, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaeleza kama wangemwuliza. Mwaka 1951 uliachwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Julius Nyerere alikuwa amemsoma Mill tangu Makerere, ambako aliandika insha juu ya hali ya wanawake kwa kutumia hoja zake. Huko Edinburgh, kati ya 1949 na 1952, aliongeza masomo ya falsafa ya maadili. TANU ilipoundwa Julai 1954, chama kilirithi matawi ya TAA (jina la baadaye la Chama cha Waafrika), na mwaka 1955 Nyerere alikwenda mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai kilichoahidiwa katika mkataba wa Umoja huo wenyewe. Hakuomba aonewe huruma. Alimdai mtawala atimize ahadi. Uhuru ulipatikana 9 Desemba 1961 bila vita.

Kongwa ikarudi tena katika historia. Kuanzia 1964 ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia, na Samora Machel aliwafunza wapiganaji hapo. Watawala wao hawakuwa tayari kushindwa kwa hoja.

Oktoba 1968 Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Miaka mitatu baadaye, baada ya ukame, Operesheni Dodoma iliwahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na si wote waliokwenda kwa hiari. Wafugaji waliozoea kukaa mbalimbali kufuata malisho na maji walipangiwa nyumba kwa mistari, kwa mpango uliochorwa ofisini.