Majani ya mahindi yakijikunja mchana, yanakufa?

Umepita shambani saa saba mchana, jua la utosi, ukakuta majani ya mahindi yamejikunja kama mkeka. Jirani anakwambia yanakufa. Usikimbilie kumwagilia. Kwanza elewa jani linafanya nini.

Maji hupandaje?

Mmea hauna moyo wa kusukuma maji, huyavuta kutoka juu. Jani lina matundu madogo sana yanayoitwa stomata. Hapo ndipo hewa ya kutengenezea chakula huingia, na hapo hapo maji hutoka kama mvuke. Kila tundu lina seli mbili za ulinzi: zikijaa maji linafunguka, zikinywea linajifunga.

Maji hushikana, kwa hiyo yanayotoka huyavuta yaliyo nyuma, kuanzia jani, shina hadi mizizi. Mabomba yanayoyapitisha huitwa zailemu, nayo yamo ndani ya ile mistari unayoiona kwenye jani. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani.

Huamini? Asubuhi, funika tawi lenye majani kwa mfuko wa nailoni inayoonyesha, ufunge vizuri. Mchana utakuta matone ndani.

Sasa kwa nini yanajikunja?

Jua likiwa kali, maji hutoka haraka kuliko mizizi inavyoleta. Upande wa juu wa jani la mahindi kuna safu za seli kubwa zinazotunza maji. Zikinywea, jani hujikunja, na sehemu inayopigwa na jua na upepo inapungua. Yaani mmea unajikinga.

Uanze lini kuwa na wasiwasi?

Angalia saa:

- Yamejikunja mchana, jioni yamefunguka: mmea bado unajimudu.
- Asubuhi mapema bado yamejikunja: udongo umekauka, hata usiku mizizi imeshindwa kurudisha maji. Hapo mwagilia.

Kuwa makini zaidi mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu. Yakikosa maji wakati huo, gunzi hubaki na mapengo, na mvua ikija baadaye punje zilizokosekana hazirudi.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha pampu na kuchoma mafuta, amka saa kumi na mbili asubuhi ukayatazame. Majani yenyewe yatakwambia.