Kutumwa Sokoni na Kutumwa Mirihi

Mhariri ameniomba niandike machache ya historia kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa zamani na vijana walioko madarasani leo. Nimechagua habari ya mitambo inayotumwa anga za juu ikafanya kazi bila mtu ndani yake. Msishangae, ndugu wasomaji: kwangu mimi habari hiyo ilianzia Kariakoo.

Novemba 1970, nikiwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa fizikia alinituma nikanunue waya wa shaba kwa ajili ya jaribio la alasiri. Alinitajia duka moja la Mtaa wa Kongo. Siku hizo jengo la soko mnalolijua, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilikuwa bado. Nilikwenda kwa miguu, nikakuta duka limefungwa. Maduka mengine yalikuwa wazi kulia na kushoto, nami nikarudi mikono mitupu. Jaribio halikufanyika, na darasa zima lilinikasirikia.

Mwalimu hakunichapa. Alisema, "Bwana mdogo, mimi sikukutuma duka. Nilikutuma waya."

Kisha akatueleza habari ya Lunokhod 1, gari la Kisovieti lisilo na mtu, lililofika mwezini tarehe 17 mwezi uleule. Madereva wake walikaa Crimea, wakitazama picha na kuliongoza kwa redio. Mwezi uko umbali wa kilometa 384,000 hivi; mawimbi ya redio huenda na kurudi kwa muda wa sekunde mbili na nusu tu. Hivyo gari liliweza kuongozwa hatua kwa hatua. "Lakini Mirihi," akauliza, "mtafanyaje?" Hatukuwa na jibu.

Wengi wetu hatukujua kwamba pwani yetu ilikwisha kushiriki katika mambo haya. Huko Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wao wa Mercury. Tarehe 13 Septemba 1961 chombo kimoja cha mpango huo kiliizunguka dunia mara moja, na ndani yake mlikuwa na mtambo ulioiga pumzi ya binadamu. Wapo Waunguja waliokishuku kituo kile kuwa ni cha kijeshi, nacho kikaondolewa 1964, baada ya Mapinduzi.

Mwezi mmoja baada ya aibu yangu, nikiwa likizoni kwenye kibanda cha fundi redio, nilisikia habari ya setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru, setilaiti ile iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Swali la mwalimu lilijibiwa baadaye sana. Ujumbe wa redio kufika Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22, kwa kutegemea umbali wa sayari. Mwaka 1997 kigari Sojourner kilitajiwa mahali pa kwenda, nacho kikakwepa mawe chenyewe. Tarehe 18 Februari 2021 Perseverance ilishuka Mirihi kwa dakika saba, ilhali ujumbe wake ulihitaji dakika 11 kufika kwetu. Wataalamu walipopata habari kwamba imeanza kushuka, ilikuwa imekwisha kutua. Hakuna aliyeweza kuisaidia. Ililinganisha picha za ardhi na ramani iliyoibeba, ikachagua yenyewe mahali salama.

Mwalimu wetu hayupo tena, lakini somo lake limebaki: anayetumwa mbali hapewi amri tupu, hupewa lengo pamoja na akili ya kulifikia.

Vijana, Tunguu na Malindi sisi tulitoa mahali. Mitambo ilikuwa ya wengine. Iliyobaki ni kazi yenu. Someni fizikia na hesabu, wala msingoje kuambiwa kila hatua.

Waya ule niliununua kesho yake, duka la pili kutoka lile lililofungwa.