Jānis Lūsis na Sentimita Mbili

Weka kidole chako ubavuni mwa bango hili. Upana wa kidole hicho, takriban sentimita 2, ndio uliomnyima Jānis Lūsis dhahabu ya pili ya Olimpiki ya kurusha mkuki. Ilikuwa Munich, 1972. Klaus Wolfermann, akishangiliwa na Wajerumani wenzake, alikuwa amefikisha mita 90.48. Lūsis akabakiwa na mrusho mmoja. Alikimbia, akarusha, mkuki ukatua mita 90.46. Enzi hizo umbali ulipimwa kwa kuruka sentimita mbilimbili, kwa hiyo hapakuwa na tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Wawili hao baadaye wakawa marafiki.

Mrusho wa mwisho uliwahi kumbeba pia. Mexico City, 1968, ndio uliomfikisha Lūsis mita 90.10, akatwaa dhahabu mbele ya Jorma Kinnunen wa Finland. Shaba alikwisha kuipata Tokyo, 1964.

Alizaliwa Jelgava, Latvia, mwaka 1939, na medali zote hizo alizipata akiwa na jezi ya Umoja wa Kisovieti. Hata hivyo Walatvia walimhesabu wao, na wana haki. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara 4, na rekodi yake ya dunia ya mita 93.80 aliiweka Stockholm, 1972. Mkewe, Elvīra Ozoliņa, naye ni bingwa wa Olimpiki wa mkuki, Roma 1960. Mwana wao Voldemārs akaurithi mchezo huohuo.

Lūsis alifariki Aprili 2020.