Punda kwanza, baiskeli baadaye

Wadau, kabla hujatoa hela yako kununua siti ya baiskeli, tuongee historia kidogo. Najua wapo watakaosema siti ni siti, ukikaa umekaa. Lakini rafiki zangu kadhaa wa maofisini wameanza kupiga pedeli asubuhi ili kukwepa foleni, na kila mmoja ananiuliza maswali yale yale mawili: ninunue siti gani isiyoumiza, na laptopu yangu niibebe wapi?

Majibu yake ni ya zamani kuliko baiskeli yenyewe. Chukua Kiswahili chetu. Wengine siti ya baiskeli wanaiita tandiko, na tandiko ni la punda. Seruji ni ya farasi. Halafu kuna shogi, lile kapu kubwa la ukili linalolazwa juu ya mgongo wa punda, mdomo wake upo juu na matumbo mawili yananing'inia kushoto na kulia. Ukifika Lamu utawakuta punda wangali wanabeba mizigo kwa kanuni ile ile: uzito uwe chini, na pande zote mbili zilingane. Mikoba ya kisasa inayotundikwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma ni shogi kabisa, imebadilishwa kitambaa tu.

Huko Ulaya nako siti ilitoka kwa mnyama. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alipotembeza kile chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedeli, aliyekipanda alikaa kama aliyepanda farasi huku akisukuma ardhi kwa miguu. Miaka ya 1860 Wafaransa wakaweka pedeli kwenye gurudumu la mbele. Magurudumu yalikuwa ya mbao yenye bamba la chuma, barabara ni za mawe, na hakuna tairi la upepo. Waingereza wakakibatiza jina lenye maana ya kitikisa mifupa. Dawa yao ilikuwa kuweka siti juu ya chuma kirefu kilichonesa kama springi. Fikiria Kariakoo hadi Ubungo kwa chombo hicho!

Sasa anaingia bwana mmoja aitwaye John Boultbee Brooks. Mwaka 1865 alihamia Birmingham, inasemekana akiwa na pauni 20 mfukoni, na mwaka 1866 akafungua biashara ya hatamu na vifaa vya ngozi vya farasi. Kampuni yake husimulia kwamba mwaka 1878 farasi wake alikufa, hakuwa na hela ya kununua mwingine, akaazima baiskeli ya kwendea kazini. Siti ikamtesa mno hata akaapa atatengeneza yake. Mimi hadithi za waanzilishi wa kampuni huwa nazimeza na chumvi kidogo, kwa sababu kila kampuni kongwe inayo ya kwake. Lakini hataza ya mwaka 1882 si hadithi. Na ile siti yao ya B17, iliyoingia sokoni miaka ya 1890, hadi leo inatengenezwa, ingawa tangu 2002 kampuni ipo mikononi mwa Waitaliano wa Selle Royal.

Ufundi wake unafaa kueleweka, maana ndio utakaokusaidia kuchagua. Siti ya Brooks haina sponji. Ni kipande kimoja cha ngozi nene, kimevutwa kati ya chuma cha mbele na chuma cha nyuma, kimegongwa ribiti, kinaning'inia kama machela. Chini ya pua ipo nati ya kukaza ngozi ikilegea. Mwanzoni ni ngumu kama ubao. Baada ya kilomita mia kadhaa ngozi inabonyea pale pale mifupa miwili ya makalio yako inapotua, na kuanzia hapo siti ni yako peke yako. Adui yake ni mvua. Ikilowa halafu ukaikalia, inapoteza umbo, kwa hiyo anayeegesha baiskeli nje masika nzima asijisumbue nayo.

Sponji ndipo wengi tunapodanganyika. Dukani unabonyeza kwa kidole, unaiona laini, unalipa. Ukiikalia saa nzima, mifupa inazama, sponji inapanda katikati na kubana mishipa, unaanza kupata ganzi. Cha msingi ni upana wa siti na jinsi unavyokaa. Baiskeli ya usukani wa juu, ile ya kukaa wima, uzito wote unashuka kwenye makalio, kwa hiyo inataka siti pana yenye springi. Ndiyo maana Raleigh za Nottingham walizopanda babu zetu, na baadaye Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana, zilikuja na siti pana za springi. Hazikuwekwa kwa urembo. Baiskeli ya kuinama mbele inagawa uzito hadi mikononi, hivyo inataka siti nyembamba. Kipimo cha upana ni rahisi: kalia kipande cha boksi la karatasi ngumu juu ya stuli, inama kidogo, kisha pima umbali kati ya mashimo mawili uliyoyaacha. Siti iwe pana kuzidi hapo kwa sentimita mbili hivi.

Tatizo la ganzi nalo si la leo. Miaka ya 1890, baiskeli ilipowavutia wanawake wa Ulaya na Marekani, baadhi ya madaktari walizua kelele kwamba pua ya siti ingewaharibia maadili na uzazi. Ukisoma kelele zile unaona wazi kwamba hofu ilikuwa juu ya mwanamke kwenda anakotaka bila kuomba ruhusa, siti ilisingiziwa tu. Hata hivyo zilizaa kitu cha maana. Zikauzwa siti zenye mito miwili na uwazi katikati, kama ile ya Christy ya Marekani. Kisha zikasahaulika karibu miaka mia. Mwaka 1997 suala likaibuka tena, safari hii kwa afya za wanaume, na ghafla viwanda "vikagundua" siti zenye tundu. Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti wa Marekani juu ya polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli, waliopewa siti zisizo na pua. Mwanzoni ni asilimia 27 tu waliokuwa hawapati ganzi sehemu za siri. Baada ya miezi sita wakafika asilimia 82. Wakati ni wanawake walioumia, jibu lilikuwa washuke kwenye baiskeli. Walipoumia wanaume, siti ikafanyiwa utafiti. Sisemi zaidi.

Turudi kwenye mizigo. Thomas Stevens, aliyeanza kuizunguka dunia mwaka 1884 juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa na kumaliza Yokohama Desemba 1886, alitoka na kifurushi kwenye usukani: soksi, shati la akiba, koti la mvua lililokuwa pia hema lake, na bastola. Basi. Mwaka 1932 Wilf Carradice wa Nelson, kaskazini mwa Uingereza, alianza kushona mikoba ya turubali la pamba. Mji ulikuwa wa viwanda vya pamba, malighafi ipo mlangoni. Nyuzi zake zikilowa zinavimba na kuziba vitundu, maji hayapiti. Mkoba huo unafungwa kwa mikanda nyuma ya siti, ndiyo kazi ya vile vitundu viwili vilivyo nyuma ya siti za Brooks. Nusu karne baadaye, Mjerumani Hartmut Ortlieb akiwa Uingereza kwenye mvua aliona maturubali ya malori, akaamua kushona mikoba ya kitambaa hicho. Mwaka 1982 kampuni ikaanza. Turubali la lori! Fundi yeyote wa kushona vifuniko vya malori hapa mjini ana kitambaa hicho na cherehani ya kukitoboa.

Sisi tulikwenda njia nyingine: tulitegemea keria. Chuma kile cha nyuma kilibeba magunia ya mkaa, kreti za soda, na miaka ya 1960 pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kikafungwa mto wa sponji kikawa kiti cha abiria kati ya boda na boda. Cha ajabu, kwenye baiskeli zile mto mnono alikalia abiria, na dereva aliyepiga pedeli kutwa nzima alibaki na siti ya kiwandani. Mwaka 2008 Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, jina la boda boda likahamia kwenye injini, na siti mbili zikawa moja ndefu, dereva na abiria sponji moja.